Mti mkubwa uani Dar es Salaam: kuukata, kuupogoa, kuukinga au kuupandia mrithi?

Masika yakikaribia, maswali ya miti huongezeka Dar es Salaam. Mwarobaini umelalia bati, mizizi ya mkrismasi imeinua pevingi, mkungu wa jirani unajaza majani kwenye gata, tawi la mwembe limeshafika kwenye waya. Mwenye nyumba ana njia nne: kuukata mti kabisa, kuupogoa, kuuacha na kuukinga huku akirekebisha kile kinachogongana nao, au kupanda mrithi sasa na kuuondoa mkongwe baadaye. Kila njia ina mahali pake. Tabu huanza pale kijana mwenye panga anapoitwa kabla haijajulikana mti umesimama kwenye ardhi ya nani na mizizi yake imefika wapi. Mti uliochukua miaka arobaini kufunika ua huondoka kwa mchana mmoja, na kivuli chake hakinunuliki dukani.

Maelezo haya yanafuata sheria na mazingira ya Dar es Salaam. Msomaji wa Nairobi au Mombasa atakuta kazi ya mti ni ileile, ila kibali ataombea serikali ya kaunti.

Vigezo: pima haya kabla ya kuchagua

*Ardhi ya nani.* Mti ulio ndani ya mipaka ya kiwanja chako una taratibu zake, na ule ulio kwenye hifadhi ya barabara una zake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kwa hiyo mti ulioupanda kwa mkono wako mbele ya duka unaweza kuwa umesimama kwenye eneo la TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa. Barabara za mitaani na za wilaya zinasimamiwa na wakala mwingine, TARURA, tangu 2017. Ukiwa karibu na mto, bwawa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni dhidi ya shughuli zinazoweza kuharibu mazingira, na mti unaoshikilia kingo ndio hasa unaokusudiwa kulindwa. Mikoko usiiguse kabisa bila idhini ya TFS, wakala wa misitu, hata kama imeota nyuma ya ukuta wako.

*Hatari.* Zunguka mti asubuhi ukiwa na gongo la mbao. Gonga shina kila hatua, kutoka usawa wa goti hadi usawa wa kichwa. Mlio wa ngoma maana yake ndani pana uwazi. Uwazi peke yake si hukumu ya kifo. Ganda la mbao nzima likiwa nene angalau theluthi moja ya nusu kipenyo, na shina halina tundu kubwa la wazi, mti huweza kusimama miaka mingi. Angalia pia uyoga mgumu unaoota shinani au kwenye mizizi, ufa kwenye panda ya matawi, unga wa mbao chini ya shina, na matawi yanayokauka kuanzia kileleni. Kuinama nako kuna namna mbili. Mti ulioinama tangu zamani huwa umejinyoosha tena juu, shina lake limepinda kama upinde. Mti ulioanza kuinama majuzi umenyooka kama nguzo iliyolala, na upande wa pili udongo umenyanyuka au umepasuka. Huo wa pili ni wa dharura, hasa mvua zikiwa zimelainisha mchanga.

*Eneo la mizizi.* Funga futi kamba kuzunguka shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Zidisha kipenyo hicho kwa 12, na hilo ndilo duara unalopaswa kulichunga. Mwarobaini wenye mzunguko wa sentimita 188 una kipenyo cha sentimita 60, hivyo duara lake linafika mita 7.2 kila upande. Mizizi mingi inayonyonya maji na chakula iko kwenye sentimita 60 za juu, wala haiko chini kabisa kama wengi wanavyodhani. Hesabu hii ya dakika tano hubadilisha maamuzi mengi, kwa sababu mtu hugundua kwamba mti anaouona uani kwa kweli umekaa pia chini ya sebule yake na chini ya uzio wa jirani.

*Gharama ya miaka mitano.* Bei ya leo hudanganya. Kuna njia ya bei nafuu leo inayorudi kila baada ya miaka miwili, na kuna ya ghali inayolipwa mara moja.

*Kurudi nyuma.* Je, ukikosea unaweza kurekebisha? Kwa njia tatu kati ya hizi inawezekana kwa kiasi.

Kuhusu kibali, kwa njia zote

Mkoa una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu 2021 ni eneo la Ilala, pamoja na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja hutunga sheria ndogo zake chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, hivyo ada na faini za Kinondoni usizichukulie kuwa ndizo za Temeke. Njia ya kawaida ni barua kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, ipitishwe na mtendaji wa mtaa, ifike kwa afisa misitu au afisa mazingira wa halmashauri, naye aje kuukagua mti kabla ya kibali cha maandishi.

Barua inayokwama ni ile inayosema tu "naomba kukata mti kwani ni hatari". Andika aina ya mti, kipenyo chake, umbali wake kutoka kwenye nyumba, uzio na nyaya, sababu moja inayoonekana kwa macho, na mti utakaopanda badala yake pamoja na mahali utakapoupanda. Ambatisha picha tatu: mti mzima, sehemu yenye tatizo kwa karibu, na mti pamoja na jengo. Miti iliyohifadhiwa kisheria kama mvule, mpingo na mninga ina ulinzi wa ziada hata ikiwa mjini. Itaje kwa jina ili afisa asije akashtukia baadaye. Na kibali cha kukata si kibali cha kusafirisha. Magogo, mbao na mkaa ni mazao ya misitu na huhitaji hati ya kusafirishia. Watu wengi hukamatwa kwenye kizuizi wakiwa na kibali halali cha kukata mfukoni.

Njia ya kwanza: kuukata kabisa

*Ruhusa.* Hapa ndipo kibali kinapotakiwa waziwazi. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara haukatwi na wewe hata ukiwa na kibali cha halmashauri. Mwenye barabara ndiye anayeamua. Mti uliokwisha anza kuanguka juu ya nyumba hauwezi kusubiri barua izunguke, lakini mpigie simu mtendaji wa mtaa aje aone, piga picha kabla na baada, na uandike barua siku hiyohiyo.

*Kazi.* Mjini ni nadra kupata nafasi ya kuuangusha mti mzima. Hushushwa vipande kwa kamba, kuanzia kileleni. Palipo na uwazi wa kutosha, yaani angalau mara moja na nusu ya urefu wa mti, mkato wa kwanza huwa ni mdomo upande wa kuangukia, wenye kina cha robo au pungufu ya kipenyo. Mkato wa nyuma huja sentimita tano juu ya usawa wa mdomo, na katikati huachwa bawaba ya mbao yenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Anayekata bawaba yote ameuachia mti uamue wenyewe pa kuangukia. Mwenye chenso asiye na kofia ngumu, miwani na kamba ya kujifungia juu, mkatae hata kama bei yake ni nusu ya wenzake.

*Kinachoharibika.* Kisiki. Mwarobaini na mjohoro huchipua tena kutoka kisikini, na mwarobaini hutoa hata machipukizi ya mizizini mbali na shina. Ukiacha kisiki bila mpango, baada ya mwaka una kichaka. Machipukizi yang'olewe kwa mkono yakiwa laini, kila wiki mbili au tatu, hadi mizizi imalize akiba yake. Kuchoma kisiki karibu na nyumba kunaweza kusafirisha moto taratibu ndani ya mizizi mikavu, na mabomba ya plastiki yaliyo jirani huyeyuka. Mizizi inapooza, ardhi huzama, kwa hiyo usiwahi kuweka pevingi juu ya kisiki kilichofukiwa. Kwenye mabonde yenye mfinyanzi mweusi kuna jambo jingine: mti uliokuwa ukinyonya maji ukiondoka, udongo huvimba na unaweza kuinua msingi uliokuwa umetulia.

*Gharama.* Kubwa leo, kisha ndogo. Bei hupangwa kwa urefu, nafasi ya kushushia, ukaribu wa nyaya, na nani anaondoa uchafu. Hakikisha makubaliano yanataja kisiki, maana mafundi wengi huhesabu kazi imeisha shina likifika chini. Gogo zuri lina thamani yake: mafundi wa ngalawa wa pwani wamekuwa wakitafuta shina nene la mwembe tangu zamani, na si sawa lichanwe kuni bila kuulizia.

*Inamfaa.* Mwenye mti ulioanza kuinama majuzi, uliooza mizizini, au ulioota mahali ambapo njia nyingine zote zimeshajaribiwa. Mtu asiyetaka kufagia majani hafai kuiita hiyo sababu, na afisa misitu naye atamwambia hivyo.

Njia ya pili: kuupogoa

*Ruhusa.* Matawi madogo ya mti wako ndani ya kiwanja chako kwa kawaida hayaleti mgogoro, ila matawi makubwa uliza kwanza mtaani, kwa kuwa sheria ndogo hutofautiana. Tawi lililogusa waya wa umeme ni la TANESCO. Lifikishie ofisi yao ya wilaya. Tawi bichi hupitisha umeme, na ngazi ya alumini hupitisha zaidi.

Tawi la jirani lililovuka mpaka ndilo linalovunja ujirani. Desturi ya sheria tuliyorithi kutoka Uingereza, tangu shauri la Lemmon na Webb la 1894, humruhusu mtu kukata tawi hadi kwenye mstari wa mpaka bila kumpa jirani taarifa, mradi asiingie kwa jirani. Lakini tawi lenyewe na matunda yake hubaki mali ya mwenye mti, hata yakiwa yananing'inia kwako. Kwa hiyo maembe yaliyovuka ukuta si zawadi. Hata hivyo, anza na hodi. Mkishindwa kuelewana, Baraza la Kata tangu mabadiliko ya 2021 hupatanisha tu, halitoi hukumu. Kesi yenyewe huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nalo hutaka kuona kwamba upatanisho ulijaribiwa.

*Kazi.* Tawi zito hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Wa pili kutoka juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza, tawi lidondoke bila kuchuna gome la shina. Wa tatu huondoa kipande kilichobaki, na huu ndio wenye ufundi. Tazama pale tawi linapotokea shinani: kuna uvimbe mdogo wenye mikunjo kama kola ya shati. Kata nje kidogo ya uvimbe huo. Ukiukata wenyewe, jeraha haliwezi kuziba. Ukiacha kisiki kirefu cha tawi, kinakufa na kuupeleka uozo ndani. Jeraha halihitaji rangi wala lami, kwa kuwa hufunga unyevu chini yake.

Usitoe zaidi ya robo ya majani kwa msimu mmoja. Mti mzee au uliodhoofika utolewe pungufu ya hapo. Mwembe upogolewe mara baada ya mavuno, kabla haujajiandaa kutoa maua. Ukikata wakati wa maua umekula mavuno ya msimu huo. Jikinge na utomvu wake, huunguza ngozi. Mkungu, ambao matawi yake hukaa kwa ngazi kama rafu, hupendeza kwa kuondolewa ngazi ya chini tu: mtu anapita, hewa inapita, kivuli kinabaki.

*Kinachoharibika.* Kuukata mti kichwa, yaani kukata matawi yote makuu katikati ubaki mkono mtupu. Ndiyo kazi inayouzwa zaidi mitaani, na ndiyo inayoumiza zaidi. Mti huo huchanganyikiwa na kutoa machipukizi kumi pale palipokuwa na tawi moja. Machipukizi hayo hayakushikana na moyo wa mbao, yameota pembeni chini ya gome. Baada ya miaka miwili au mitatu mti umerudi kimo kilekile, safari hii ukiwa umejaa fimbo nzito zilizobandikwa juu ya kisiki kinachooza. Upepo wa kusi huzing'oa kama karatasi. Mwenye nyumba huamini mwarobaini ni mti hatari, na hajui kwamba hatari hiyo aliilipia mwenyewe.

Kosa la pili ni kusafisha matawi yote ya ndani na kuacha kishungi cha majani mwishoni mwa kila tawi. Uzito wote huhamia nchani, tawi huanza kuyumba kama fimbo ya kuvulia samaki, na huvunjika kwenye upepo ambao zamani lingeuhimili.

*Gharama.* Ya kati, hurudi kila baada ya miaka mitatu hadi mitano ikifanywa vizuri. Ikifanywa vibaya hurudi kila mwaka.

*Inamfaa.* Mwenye mti mzima wa afya ambao tatizo lake liko juu: bati, gata, mwanga, waya. Haimfai aliye na tatizo la mizizi. Kupogoa hakushushi pevingi iliyoinuka.

Njia ya tatu: kuuacha na kuukinga

*Ruhusa.* Kwa mti hakuna. Kibali kitahitajika pale unapobadilisha ukuta au jengo, na hicho ni kibali cha ujenzi.

Njia hii hudhaniwa kuwa ya watu wa mazingira peke yao, lakini hata barabara kubwa zimeifuata. Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri ya kuulinda mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, uliokuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu. Barabara ilijengwa, na mugumo ukabaki. Kama mradi wa ukubwa ule uliweza kupisha shina moja, uzio wa tofali unaweza pia.

*Kazi.* Ukuta unaogongana na mzizi usibomolewe wote wala mzizi usikatwe. Bomoa mita mbili juu ya mzizi, mimina linta, yaani boriti ya zege, inayovuka kutoka nguzo hadi nguzo, na uache uwazi wa sentimita kumi chini yake mzizi unenepe kwa raha. Pevingi iliyoinuka itolewe kwenye duara la angalau mita moja na nusu kutoka shinani, na pawekwe kokoto au matandazo. Bomba la maji taka lililoingiwa na mizizi lilikuwa linavuja tangu mwanzo; mzizi hauvunji bomba zima, hufuata unyevu kwenye maungio. Badilisha maungio hayo kwa bomba la plastiki lililogundishwa vizuri, na tatizo hukoma bila kugusa mti.

Pale ambapo lazima mzizi ukatwe, pima kutoka shinani. Usikate mzizi mkubwa karibu zaidi ya mara tatu ya kipenyo cha mti. Mara sita ni salama zaidi. Kwa mwarobaini wetu wa sentimita 60, mipaka hiyo ni mita 1.8 na mita 3.6. Kata upande mmoja tu, kwa msumeno mkali, si kwa jembe la trekta linalochana. Kisha weka kizuizi cha plastiki ngumu chenye kina cha sentimita 60 hadi 90, kichomoze sentimita chache juu ya ardhi ili mizizi isikiruke.

*Kinachoharibika.* Ujenzi. Mti hufa kimya. Fundi anamwaga lori la mchanga chini ya kivuli kwa sababu ndipo penye nafasi, kibarua anaosha ndoo za saruji shinani, ardhi inajazwa sentimita ishirini ili iwe sawa na varanda. Mizizi inakosa hewa, maji ya saruji yanabadilisha udongo, na mti unaendelea kuwa wa kijani mwaka wa kwanza kwa akiba iliyobaki. Mwaka wa tatu unakauka kuanzia juu, na hakuna anayekumbuka lori. Kwa hiyo zungushia kamba na nguzo kwenye duara ulilopima kabla fundi hajaleta hata tofali moja, na liandikeni kwenye mkataba wake. Kumwambia kwa mdomo hakutoshi, kwa kuwa atakayemwaga mchanga ni dereva ambaye hamkuongea naye.

*Gharama.* Inategemea ukuta. Kwa mti inakaribia sifuri.

*Inamfaa.* Mwenye mti wenye afya na tatizo lililo chini au pembeni, hasa anayepanga kujenga. Pia mwenye mti wa kivuli upande wa magharibi wa nyumba, ambapo jua la alasiri ndilo linalochemsha kuta.

Njia ya nne: kupanda mrithi sasa, kuuondoa mkongwe baadaye

*Ruhusa.* Kupanda ndani ya kiwanja hakuhitaji kibali. Kupanda kwenye hifadhi ya barabara kunahitaji idhini ya mwenye barabara. Kibali cha kuuondoa mkongwe utakiomba wakati ukifika, na mrithi aliyesimama tayari atakuwa hoja yako bora mbele ya afisa.

*Kazi.* Chagua kwa nafasi kwanza, kwa matunda baadaye. Chini ya nyaya na ndani ya mita tatu kutoka ukutani, mpera, mstafeli, mdimu au mkomamanga. Mwembe uupe mita nane hadi kumi kutoka kwenye nyumba. Mwashoki hukaa penye upana mdogo lakini usitegemee kivuli. Mkrismasi ni mzuri wa maua na mizizi yake hutambaa juujuu. Uweke mbali na chochote chenye zege.

Panda mvua za masika zikishakolea. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, ila kina kisizidi kimo cha udongo wa kiriba, kwani mche unaokaa juu ya udongo uliolegea huzama na shingo yake kuoza. Tenga udongo wa juu, uchanganye na ndoo ya samadi iliyooza kabisa. Toa kiriba. Inasikitisha kwamba lazima hili lisemwe, lakini mingi ya miti inayopandwa kwenye sherehe hupandwa na plastiki yake, nayo hukaa pale imejinyonga. Mizizi iliyozunguka ndani ya kiriba ikatwe kwa wembe pande tatu. Pale shina linapopanuka kuelekea mizizi paonekane juu ya ardhi. Tandaza nyasi kavu sentimita tano hadi kumi, ziwe mbali na shina kwa kiganja kimoja. Kiangazi cha kwanza mpe lita 20 mara mbili kwa wiki, polepole. Kikombe kila siku hulainisha vumbi tu. Mti wa kuegemea ufungwe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa ulegevu, na uondolewe baada ya mwaka.

*Kinachoharibika.* Kivuli cha mkongwe humdumaza mrithi. Kila mwaka pogoa kidogo upande wa mrithi ili apate jua. Na mbuzi: uzio wa matete mwaka wa kwanza ni sehemu ya kupanda, bila huo usianze.

*Gharama.* Ndogo leo, kubwa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mwembe wa kubebeshwa huanza kuzaa ndani ya muda huohuo, hivyo siku mkongwe unapoondoka nyumba haikosi maembe.

*Inamfaa.* Mwenye mti unaozeeka ambao bado haujawa hatari, na mwenye kiwanja chenye nafasi ya miti miwili. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba na vibanda vya kupangisha mara nyingi hakina.

Kwa hali yako

Udongo umepasuka nyuma ya mti na mvua zinanyesha: watu wasilale upande ule, mtendaji wa mtaa aje leo, na mti ushushwe.

Tawi limegusa waya: TANESCO, na hakuna mtu wa kupanda juu kabla yao.

Mti ni mzima, bati linakwaruzwa na gata linaziba: pogoa matawi mawili au matatu kwa mikato mitatu, Januari au Februari kabla ya masika. Fundi akisema "tuukate kichwa upumzike", tafuta mwingine.

Ukuta umepasuka au pevingi imeinuka: njia ya tatu. Kama ukuta ulikuwa ubomolewe kwa sababu nyingine, linta haitaongeza gharama kubwa.

Mti una miaka mingi, kileleni kumeanza kukauka, shina bado linaitika vizuri kwa gongo: panda mrithi masika hii, rudia kugonga kila mwaka kabla ya mvua, na siku mlio ukibadilika uwe na kibali mkononi.

Mti ni wa jirani: hodi, kisha picha, kisha barua yenye nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Panga usilirushe juu ya ukuta hata kama sheria iko upande wako, kwani unaweza kukata tawi lililoshikilia uzani wa mti wote na kuuangushia nyumba yake.

Unanunua kiwanja chenye miti: pima kila shina kabla ya mchoraji kuanza kazi, na mpe duara zake zikiwa na vipimo. Kusogeza choo mita mbili kwenye karatasi ni kazi ya kifutio.